Chenji ya Majambazi Ni ya Nani?

Najua wengi mko bize na asaimenti, na wengine mnahesabu siku bumu liingie, lakini leo naomba mnivumilie nishushe nondo kidogo za historia. Siongelei siasa za DARUSO wala foleni ya kafteria. Naongelea pesa, tena pesa chafu.

Swali lenyewe ni hili. Jambazi mkubwa akishakamatwa, akafungwa, na majumba na magari yake yakataifishwa, ile mali inakwenda wapi? Sisi huwa tunaishia kwenye hukumu. Tunasoma gazetini kwamba fulani kala miaka thelathini, tunasema safi sana, tunageuza ukurasa wa michezo. Nani anauliza gari lilikwenda kwa nani? Nyumba je? Wakati wadogo zetu wa mtaani, wale waliokuwa wanamuosheea hilo gari na kumuita bosi, wao hawajasahau. Wanalikumbuka gari kuliko hukumu.

Hoja yangu naisema mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Pesa ya uhalifu ikirudi kwenye mtaa uleule ilikonyonywa, ikaenda kwa vijana ambao genge lingewachukua, inafanya kazi mbili kwa mpigo: inamwondoa bosi kwenye macho ya vijana, na inaweka kitu kingine pale alipokuwa. Ikipotelea hazina kuu, inafanya kazi moja tu. Na ikibaki kwa yule aliyeikamata, inaweza kuzaa balaa jipya. Historia ina mifano ya yote matatu. Twende nayo taratibu.

Tuanzie Italia, kisiwani Sisilia. Kule kulikuwa na bwana mmoja, Pio La Torre, mtoto wa familia maskini ya wakulima wa pembeni mwa mji wa Palermo, aliyekuja kuwa mbunge wa Chama cha Kikomunisti. Huyu mzee aliiona siri ambayo polisi wengi walikuwa hawajaifanyia kazi. Mkubwa wa mafia ukimfunga, anaendelea kutawala akiwa ndani, kwa sababu mali iko nje. Mali inalipa mawakili, inalisha familia za waliofungwa, inanunua wanasiasa, na zaidi ya yote inaajiri vijana. Kumfunga mtu ukamwachia mali ni kukata tawi ukaacha shina. Basi mwaka 1980 La Torre akapeleka bungeni muswada: mtu anayehusishwa na mafia, anayeishi maisha yasiyolingana na kipato chake, aeleze mali kaipata wapi. Akishindwa kueleza, serikali inataifisha.

Muswada ukakaa. Tarehe 30 Aprili 1982 La Torre akauawa kwa risasi mjini Palermo pamoja na dereva wake, Rosario Di Salvo. Tarehe 3 Septemba mwaka huohuo akauawa Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa, aliyekuwa ametumwa Palermo kupambana na mafia, pamoja na mke wake. Siku kumi baadaye, tarehe 13 Septemba 1982, sheria ikapita. Yaani ilibidi damu imwagike mara mbili ndipo waheshimiwa wakaamka. Sheria hiyo namba 646 hadi leo inaitwa kwa majina ya Rognoni na La Torre, na ndiyo iliyoifanya kuwa mwanachama wa mafia lenyewe kuwa kosa la jinai.

Sasa hapo nusu ya kazi ilikuwa imefanyika. Serikali ilianza kutaifisha mashamba, majumba, makampuni. Lakini kutaifisha ni jambo moja na kutumia ni jambo jingine. Mali nyingi zilikaa tu zikiota nyasi. Zikiuzwa kwa mnada kuna hatari wenyewe wanazinunua kupitia mtu wa tatu, binamu au shemeji, mchezo unaanza upya. Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya kijana wa Palermo. Serikali imechukua jumba la bosi, jumba limefungwa kufuli miaka kumi, madirisha yamevunjika, na biashara aliyokuwa nayo imekufa na watu wamekosa kazi. Utamwambia nini huyo kijana? Ataona bosi alikuwa analeta ajira na serikali imeleta magofu.

Aliyelielewa hili vizuri alikuwa padri. Pino Puglisi alikuwa paroko wa Brancaccio, mtaa wa Palermo ulioshikwa na mafia haswa. Hakuwa na bunduki wala sheria. Alichofanya ni kufungua kituo cha vijana mwaka 1993, mahali pa kuchezea na kusomea, ili watoto wasikae mitaani wakisubiri kutumwa na wakubwa. Tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56, alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Hebu tafakarini hapo. Mafia ilimuua mtu kwa sababu ya kituo cha watoto. Wao wenyewe walituonyesha wanaogopa nini. Jeshi la mafia ni vijana, na anayewapa vijana mahali pengine pa kwenda anaingilia uandikishaji wa jeshi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1992, majaji Giovanni Falcone na Paolo Borsellino walikuwa wamelipuliwa kwa mabomu, mmoja Mei na mwingine Julai. Nchi nzima ilikuwa imechoka. Mwaka 1995 padri mwingine, Luigi Ciotti, akaanzisha muungano wa vyama vya kiraia unaoitwa Libera, wakakusanya saini za watu milioni moja wakidai kitu kimoja: mali za mafia zirudi kwa wananchi. Tarehe 7 Machi 1996 ikapita sheria namba 109. Nyumba au shamba likitaifishwa linakabidhiwa kwa halmashauri ya hapohapo lilipo, na halmashauri inaweza kulitoa kwa vyama vya ushirika, vituo vya vijana, shule, makundi yanayosaidia walioathirika na dawa za kulevya. Neno kubwa hapo ni hilo la hapohapo. Mali haikwendi Roma, inabaki mtaani ilikofanyia madhara.

Matokeo yake? Kule Corleone, mji wa Totò Riina, jumba lake moja likageuzwa shule ya kilimo. Mwaka 2001 vijana waliochaguliwa kwa tangazo la wazi wakaanzisha ushirika wa Placido Rizzotto, uliopewa jina la kiongozi wa wakulima aliyeuawa na mafia mwaka 1948. Wakalima ngano na zabibu kwenye ardhi iliyokuwa ya wakubwa wa mafia, akiwemo Giovanni Brusca, yule aliyebonyeza kitufe cha bomu lililomuua Falcone. Wakauza tambi na mvinyo wakiandika waziwazi kwamba vimetoka kwenye ardhi ya mafia iliyorudi kwa watu. Kijana wa Corleone sasa alikuwa na mfano mwingine: mtu analima shamba la bosi, ana mkataba na analipiwa mafao, na wala hajamsujudia mtu.

Siyo kwamba Italia mambo yamenyooka. Mali nyingi zimekwama miaka na miaka kwa sababu ya rufaa, madeni ya benki, au familia ya bosi kugoma kuhama. Mashamba ya vyama hivyo vya ushirika yamewahi kuchomwa moto. Ilibidi mwaka 2010 waunde wakala maalumu wa taifa wa kusimamia mali hizo. Lakini kanuni ilikuwa imeshawekwa, na wengine walikuwa wanaangalia.

Tuvuke sasa twende Uskoti, maana ndiko wazo hili lilikopelekwa moja kwa moja kwa vijana. Mnapoisikia Glasgow mnafikiria Celtic na Rangers. Lakini Glasgow ina historia ndefu ya magenge ya vijana, wavulana wa mtaa huu dhidi ya wavulana wa mtaa ule, visu mkononi, babu alikuwemo, baba alikuwemo, mtoto naye yumo. Mwaka 1968 mwanamuziki maarufu Frankie Vaughan alikwenda mtaa wa Easterhouse, akakutana na viongozi wa magenge, vijana wakasalimisha visu na silaha nyingine, na kituo cha vijana kikaanzishwa. Kwa hiyo msidhani Waskoti walikuwa hawajui dawa. Walijua tangu babu zetu ni vijana. Kilichokuwa kigumu ni kupata mfuko wa kulipia kazi ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka, mpaka msanii atakapokuwa ameshasahau.

Mwaka 2005 polisi wa eneo la Strathclyde wakaanzisha kitengo cha kupunguza ukatili, chini ya mpelelezi John Carnochan na mwenzake Karyn McCluskey. Hawa walikuja na lugha mpya: ukatili ni kama ugonjwa wa kuambukiza, unautibu kwa kuwafikia walio kwenye hatari kabla hawajaugua. Katika mwaka wa 2004-05 Uskoti, nchi ya watu milioni tano hivi, ilikuwa na kesi za mauaji zaidi ya 130.

Upande wa pili wa hadithi ni sheria. Mwaka 2002 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mali zitokanazo na uhalifu. Ina njia mbili kubwa. Ya kwanza, mtu akishatiwa hatiani, mahakama inapiga hesabu ya faida aliyoipata. Kama anaonekana anaishi kwa uhalifu, inaweza kuchukulia kwamba alichopata kwa miaka sita iliyopita ni cha uhalifu mpaka yeye athibitishe vingine. Njia ya pili ni ya kesi ya madai: hata bila kumfunga mtu, serikali inaweza kuishtaki mali yenyewe. Hapo kipimo siyo kile cha jinai cha kuondoa shaka yote ya msingi. Wanapima tu upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Na polisi wanaweza kushika pesa taslimu zinazotiliwa shaka, kuanzia pauni 1,000 tangu mwaka 2006.

Basi mwaka 2008 serikali ya Uskoti, waziri wa sheria akiwa Kenny MacAskill, ikaziunganisha hizo mbili. Pesa zinazopatikana kwa sheria ile zikaelekezwa kwenye mpango unaoitwa CashBack for Communities. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani mimi ningeuita chenji ya jamii. Pesa ya muuza unga inanunua mipira, inalipa makocha, inafungua kumbi za vijana, inalipia mafunzo ya kazi.

Angalieni walivyoanza, maana kuna akili ndani yake. Walitumia mashirika ambayo tayari yanajua vijana: chama cha soka, chama cha raga, mpira wa kikapu, mtandao wa klabu za vijana. Walilipia ligi za mpira za Ijumaa na Jumamosi usiku, bure kabisa. Kwa nini usiku wa wikiendi? Kwa sababu ndio muda wa pombe na visu. Kituo kinachofunguliwa Jumatatu saa nne asubuhi kinampata kijana ambaye hakuwa na shida. Yule mwenye shida unampata saa tatu usiku, kona ya barabara, hana pa kwenda.

Lakini hapo kukawa na mjadala wa haki kabisa. Ukitoa mipira kwa watoto wote wa nchi utapata takwimu nzuri sana, mamia ya maelfu ya watoto wamecheza. Je, ni wangapi kati yao walikuwa hatarini kweli? Mtoto wa daktari anayecheza raga kwa pesa ya muuza unga ni jambo jema, ila siyo lile tulilokusudia. Taratibu, awamu baada ya awamu, mpango ukasogezwa kwenye maeneo maskini na kwa vijana wenyewe walio karibu na makosa, na kazi ikahama kutoka kwenye michezo peke yake kwenda kwenye ufundi, ajira, ushauri na familia. Awamu ya sita, iliyopangwa 2023 hadi 2026, ilitengewa hadi pauni milioni 20 kwa mashirika 29, ikilenga vijana wa miaka 10 mpaka 25. Jumla tangu 2008 mpaka awamu hiyo ni pauni milioni 130 hivi.

Na mauaji? Mwaka 2022-23 kesi zilikuwa 52. Hapa naomba tuwe waangalifu kama wanahistoria. Siwezi kusema chenji hii ndiyo iliyoshusha namba. Kulikuwa na kile kitengo cha polisi, kulikuwa na shule, madaktari, sheria kali za visu. Ninachosema ni kwamba vijana wa nchi ile walipewa kitu kinachodumu, na kilicholipia kitu hicho kilitoka mifukoni mwa waliokuwa wanawaharibu.

Nilipoileta hoja hii vimbwetani wiki hii moto uliwaka. Jamaa mmoja anayesoma sheria akanibana: wewe unashangilia mtu kunyang'anywa nyumba kabla hajahukumiwa? Kesho wakija kwako utasemaje? Akanitajia Marekani, na hapo lazima nikubali ana nondo. Mwaka 1984 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu vyombo vya dola kubaki na mali wanazotaifisha, na polisi wa jimbo wakishirikiana na serikali kuu wanaweza kurudishiwa hadi asilimia 80. Sasa fikiria askari ambaye bajeti ya ofisi yake inategemea anachokamata. Ataacha kutafuta mhalifu ataanza kutafuta pesa. Watu wamenyang'anywa pesa barabarani bila hata kushtakiwa, na mwenye mali ndiye analazimika kutafuta wakili kudai chake. Mpaka jimbo la New Mexico mwaka 2015 likaufuta kabisa utaifishaji usiotanguliwa na hukumu ya jinai. Huo ndio mfano wangu wa tatu: pesa imebaki kwa aliyeikamata.

Mfano wa katikati ni Ireland. Kule mwandishi wa habari Veronica Guerin aliuawa Juni 1996 kwa sababu ya kuwaandika wakubwa wa dawa za kulevya. Ndani ya miezi michache wakawa na sheria ya mali za uhalifu na kikosi maalumu cha kuzifuatilia. Kikosi kilifanya kazi nzuri mno mpaka nchi nyingine zikaenda kujifunza. Lakini pesa zilikwenda hazina kuu, zikachanganyika na kodi, kama kikombe cha maji baharini. Mitaa ya Dublin iliyozika vijana wake haikuona kitu chenye jina lake. Miaka 25 baadaye ndipo serikali ilipotangaza mfuko wa usalama wa jamii, ukaanza na yuro milioni 2, ili mitaa ipate kitu kutokana na kazi ile.

Dada mmoja wa sosholojia naye akaja na lake, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Akasema: kama kituo cha vijana kinaendeshwa kwa pesa za wahalifu, wahalifu wakipungua kituo kinafungwa? Yaani mtoto mwema awe anaomba majambazi wasiishe? Wote tulicheka, lakini swali lake lina uzito. Pesa hizi hazitabiriki. Mwaka huu unakamata papa, mwaka ujao dagaa. England nako kulikuwa na wakala wa kurejesha mali ulioanza 2003. Wakaguzi wa hesabu walipoukagua mwaka 2007 walikuta umetumia pauni milioni 65 na umerejesha milioni 23. Wakala wenyewe ukavunjwa mwaka uliofuata kazi zake zikahamishiwa kwingine. Kwa hiyo anayedhani huu ni mgodi wa dhahabu aamke. Waskoti walijibu kwa kupanga awamu za miaka mitatu mitatu, ili shirika lijue lina nini mkononi. Ni jibu la nusu. Jibu kamili ni kwamba chenji isije ikachukua nafasi ya bajeti. Elimu na kazi kwa vijana ni deni la serikali, haki yao ya kawaida. Chenji ni nyongeza.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mmeshaanza kuuliza sisi tunahusikaje. Jamani, sisi tuna chenji yetu, tena tuliipa jina wenyewe. Nani hakumbuki chenji ya rada?

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Hata ndani ya serikali ya Uingereza walibishana. Waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga akisema nchi maskini inauziwa kitu ghali isichokihitaji, Tony Blair akaunga mkono biashara. Uchunguzi ukaja, na Desemba 2010 mahakama ya Southwark jijini London ikaipiga kampuni faini ya pauni 500,000. Kosa lililokubaliwa halikuwa rushwa, lilikuwa kutotunza vizuri kumbukumbu za mahesabu. Kwa makubaliano na waendesha mashtaka, kampuni ikaahidi kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya wananchi wa Tanzania. Kwa hiyo kisheria haikuwa mali iliyotaifishwa. Yalikuwa malipo ya hiari, na hilo neno hiari ndilo lililoleta utata.

Mwezi huohuo, Desemba 2010, mahakama ya Edinburgh ilikuwa inaihukumu kampuni ya Weir ya Glasgow kwa kuvunja vikwazo na kuilipa serikali ya Saddam Hussein kwenye mpango wa mafuta kwa chakula wa Iraq. Faini pauni milioni 3, na juu yake faida ya pauni milioni 13.9 ikataifishwa. Linganisheni. Pale mahakama iliamuru. Kwetu kampuni iliahidi, halafu ikawa inafikiria yenyewe izitoe kupitia nani. Ilibidi wabunge wetu waende London mwaka 2011 kudai, na kamati ya bunge la Uingereza nayo ikaikemea kampuni kwa kuchelewa. Lakini ulinganisho una upande wa pili pia: kwenye kesi ya Weir walioumizwa walikuwa watu wa Iraq, ambao pesa za chakula na dawa zao zilichezewa, ila mali iliyotaifishwa iliingia mikononi mwa serikali ya Uskoti. Kwa hiyo hata chenji ya jamii inaweza kwenda kwa jamii ambayo siyo iliyoibiwa. Sisi angalau ilirudi kwa walioibiwa.

Machi 2012 makubaliano yakasainiwa, na pesa zile, shilingi bilioni 72 hivi, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi nchi nzima. Tena kila mtu alijua. Ukimuuliza mzazi kijijini vitabu vimetoka wapi, anakwambia chenji ya rada. Hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Pesa ilikuwa na jina, ilikuwa na njia inayoonekana, na ilifika mwisho ikiwa kitu cha kushika mkononi.

Ila iliishia pale. Ilikuja mara moja ikaisha. Hatukuigeuza kuwa utaratibu. Na sheria tunayo: tuna sheria ya mali zitokanazo na uhalifu tangu mwaka 1991, miaka kumi na moja kabla ya ile ya Uingereza! Mali zinataifishwa mahakamani, tunasoma magazetini magari, nyumba, fedha. Tunazisikia siku ya hukumu halafu basi, hazina jina tena.

Na vijana walio hatarini tunao. Januari 2015 Dar ilitikiswa na Panya Road, watu walikimbia barabarani, maduka yakafungwa mapema. Mwaka 2022 jina likarudi tena, watu wakajeruhiwa na kuuawa majumbani mwao. Mara zote jibu lilikuwa msako. Msako lazima uwepo, aliyeumizwa ana haki yake. Lakini kati ya 2015 na 2022 kuna miaka saba. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi ule mwaka wa kwanza alikuwa na kumi na saba ule wa pili. Katika miaka hiyo saba, nani alimfungulia ukumbi saa tatu usiku?

Kwa hiyo wadau, nikijumlisha niliyoyasoma, naona mambo matatu yanayotofautisha chenji njema na chenji ya kupigia picha. Anayekamata asiwe ndiye anayekula. Hilo tumefundishwa na Marekani. Mali irudi karibu na ilikofanya madhara, kwa jina lake, watu waione. Hilo wametufundisha Wasisilia kwa damu yao. Na ifike kwa kijana yule hasa anayewindwa, saa ile hasa anayowindwa, siyo kwa yule aliye rahisi kupatikana. Hilo Waskoti wamelijifunza awamu baada ya awamu. Kiasi cha pesa kinakuja nyuma ya hayo yote. Kituo cha Puglisi hakikuwa na mamilioni, na bado wakubwa wa mafia walikiogopa.

Najua wanasheria mtakuja na haki ya mali, na watu wa uchumi mtakuja na hesabu. Karibuni, ndiyo raha ya hapa. Ila kila anayekuja aanze na swali hili: lile gari lililotaifishwa mtaani kwenu, liko wapi sasa hivi, na nani analiendesha?

Naomba kuwasilisha.